Inzi Ndani ya Kikombe cha Wakili

Benchi letu zamani lilikuwa mlango. Mpaka leo lina tundu la ufunguo, na mgeni asiyejua akikalia upande ule hubanwa paja, tunacheka, naye anahesabiwa mwenyeji. Liko pembeni mwa barabara, kati ya meza yangu ya kushonea viatu na meza ya Mama Matunda, na ukiinua kichwa unaliona lango la hospitali kuu ng'ambo. Wanaokaa hapo ni walewale. Yupo Redio, fundi simu, asiyenyamaza hata betri ikiisha. Yupo Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili. Alilinda lango la mahakama mpaka akastaafu, na sheria zote anazozijua zilimpitia pale zikiwa zinatoka nje. Mama Matunda haketi. Hubishana amesimama, huku akifukuza inzi kwa kitambaa. Halafu yupo Birika, muuza kahawa, mwenye sheria moja tu duniani: kikombe chake hakilali nje. Vikombe huvirudisha kwenye ndoo ya maji, na mpaka cha mwisho kitumbukie humo, haondoki hata mvua ikimkuta. Sisi tunaijua sheria hiyo na tunaitumia. Ukitaka Birika asiondoke, usimalize kahawa yako.

Asubuhi ile alikuja na shati lililopigwa pasi. Nikajua kuna jambo, maana shati lile hulitoa kwa harusi na misiba, na wiki ile hatukuwa na harusi wala msiba. Akatua jiko, akatua ndoo, akaanza kumimina kabla hata hatujamaliza kusalimiana.

Redio: Mbona umependeza hivyo? Unaongeza mke?

Birika: Kunyweni upesi. Nina mahali pa kwenda.

Wakili: Haraka haraka haina baraka. Jaza mpaka ukingoni.

Birika: Leo sina utani, Wakili. Mama Pacha ameshaingia pale ng'ambo, anashika foleni. Ule uvimbe wa utumbo waliomkata umerudi. Kansa ileile. Dawa zote alizopewa hazikuufanya kitu. Sasa saa tatu daktari anatuita wote wawili, mke na mume, tusikilize halafu tukubali au tukatae.

Tulijua shemeji aliwahi kulazwa, lakini tulidhani yamekwisha, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mimi: Mkubali nini?

Birika: Inzi.

Mama Matunda: Nini?

Birika: Inzi. Wanataka kumtengenezea inzi. Muuguzi alimdokeza jana, naye akaja nayo nyumbani kama alivyopewa. Inzi wale wadogo wa kwenye matunda, wanatiwa ugonjwa wake. Nimegeuka kitandani mpaka kukacha. Ninyi ndio mnajua mambo. Hebu niambieni kabla sijaingia kwa daktari nikaonekana bwege: inzi na kansa vinakutana wapi?

Hapo ndipo alipokosea. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, naye alikuwa amelimwaga gunia zima.

Mama Matunda: Vinakutana chooni! Inzi ni uchafu, ndugu yangu. Kila siku bwana afya ananisimamia hapa, "Mama funika ndizi, Mama funika papai, inzi wanaleta magonjwa." Leo inzi amekuwa daktari? Nani kampa cheo?

Redio: Subiri, Mama. Hilo nalijua. Nililiona kwenye simu ya mteja, jamaa wa koti jeupe anaeleza. Amesema wamemchungulia mtu, wamemchungulia inzi, ndani kabisa, kwenye jeni.

Mama Matunda: Jeni ndiyo nini?

Redio: Jeni ni... ni maagizo. Kila kiumbe kina maagizo yake mwilini: pua kaa hapa, mguu ota pale, wewe acha kukua sasa inatosha. Sasa wakalinganisha. Yale maagizo ambayo yakiharibika mtu anaugua, wakakuta robo tatu yapo pia kwa inzi.

Wakili: Robo tatu ya nini?

Redio: Ya mtu.

Mimi: Sivyo ulivyosema sasa hivi.

Redio: Ndivyo hivyohivyo, nafupisha. Robo tatu ya mtu ni inzi.

Tukatazamana. Kuna maneno ambayo hata ukiyajua ni ya uongo, yakishatamkwa huwezi kumwangalia mwenzako usoni.

Mama Matunda: Kuanzia juu au kuanzia chini?

Redio: Hakusema. Bando lilikatika.

Wakili: Kuanzia juu. Hamjamwona mtu anayesubiri chakula anavyosugua mikono? Mwangalie inzi kwenye sahani. Hivyohivyo.

Bahati mbaya Redio alikuwa anasugua mikono wakati huo. Akaitia mifukoni.

Birika: Kwa hiyo mke wangu ni inzi?

Redio: Na wewe. Usimbague.

Birika: Lakini mimi siumwi.

Redio: Hiyo robo yako iliyobaki ndiyo inayokulinda.

Birika akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimwonea huruma kwa sababu alikuja na swali la mtu mzima akapewa vichekesho. Nikashika mguu wangu wa mti, ule ninaouvalisha viatu ninapovishona.

Mimi: Sikiliza, Birika. Mteja akiniletea kiatu, simkati mguu nikabaki nao. Nakivalisha huu wa mti. Huku nagonga nyundo, nachoma sindano, naharibu, nafumua, na mwenye mguu yuko zake nyumbani haumii. Labda na hao madaktari ni hivyo. Wanamtafutia shemeji mguu wa mti, nyundo zikagongwe huko.

Birika: Kwa hiyo inzi ndio mguu.

Uso wake ulianza kukunjuka. Laiti wangeniacha.

Wakili: Na kiatu ni nani?

Mimi: Kiatu ni dawa. Hapana, ngoja. Kiatu ni ugonjwa.

Redio: Ugonjwa unaushona? Unautia soli mpya udumu?

Mimi: Sikusema unashonwa...

Wakili: Na kiatu kikishapona kinarudi kwa mti au kwa mtu?

Mama Matunda: Fundi, wewe ungebaki na ngozi zako.

Nilikasirika. Jambo nilikuwa nimelishika, nililihisi kabisa mkononi, halafu likaniponyoka mbele ya watu. Nikaanza kushona kiatu cha mteja upande usiokuwa umefumuka.

Birika akainuka, akasogeza ndoo karibu.

Birika: Vikombe, jamani. Niende nikamsikie daktari mwenyewe.

Wakili: Vikombe gani? Mimi ndio kwanza naonja. Tena hujausikia upande wa sheria. Utaingiaje mle ndani bila sheria? Keti. Nakuuliza, na ujibu ndiyo au hapana. Hao inzi watatiwa ugonjwa wa nani?

Birika: Wa mke wangu.

Wakili: Ndiyo au hapana!

Birika: Ndiyo.

Wakili: Ugonjwa uliotoka mwilini mwake, kwenye damu yake. Na damu ni nzito kuliko maji. Kwa hiyo hao inzi ni ndugu. Tena si ndugu wa mbali, ni watoto. Na mama yao ni mke wako wa halali. Basi wewe ni nani?

Redio: Baba Inzi!

Tukacheka. Hata Birika alicheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja.

Wakili: Chekeni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa inzi si mmoja. Huyo wa kwanza atazaa, watoto watazaa, wajukuu watazaa, kabla ya mwezi kuisha una ukoo wa kujaza mtaa. Wote wana haki. Siku Mungu akikuchukua, pacha wako wataigawa nyumba na nani?

Birika: Na inzi?

Wakili: Sheria haitazami mabawa.

Mama Matunda: Hebu acha zako! Inzi ataingoja mirathi? Hawa wangu hapa hawamalizi hata chane moja ya ndizi, wameshakufa, wamekuja wengine.

Wakili: Ndiyo maana wahenga wakasema, inzi kufia kidondani si haramu.

Mimi: Methali hiyo inaingiaje hapo?

Wakili: Inaingia vizuri kabisa. Maana yake wakifa kazini, familia haidai fidia.

Ng'ambo watu walikuwa wanatoka langoni mmojammoja, wengine na dawa kwenye mifuko, wengine mikono mitupu. Birika alikuwa akiwatazama kila mmoja.

Birika: Saa tatu imeshapita?

Redio: Unazijua saa za hospitali. Saa tatu yao ni saa tano. Kaa bwana, lile kubwa bado sijakwambia.

Nilimwona akitazama lango, kisha kikombe mkononi mwa Redio, kisha lango. Kikombe kilikuwa kimejaa nusu. Akakaa, na alikaa haraka kuliko alivyoinuka.

Redio: Hao inzi wanafugwa wapi? Kwenye vichupa. Vichupa vimezibwa na nini? Pamba. Niliona mwenyewe kwenye ile video. Pamba, jamani! Mimi nyumbani panya alitoboa mlango wa mbao. Utauzuia ukoo mzima wa Birika kwa pamba?

Birika: Usiseme ukoo wangu.

Redio: Mmoja tu akitoka, na ugonjwa wake mgongoni, ataelekea wapi? Atavuka barabara. Atatafuta kitu kilichoiva. Na kitu kilichoiva kiko wapi?

Tukageuka wote kutazama meza ya Mama Matunda. Juu ya ndizi palikuwa na inzi wadogo wanarukaruka, kama kila siku, lakini siku hiyo kila mmoja alionekana ana safari yake.

Mama Matunda: Msinitazame hivyo! Hawa ni wa hapahapa. Nawajua.

Redio: Unawajua kwa majina?

Mama Matunda akavuta gunia, akazifunika ndizi, halafu mkono ukabaki juu ya gunia.

Mama Matunda: Ngoja. Ngoja kwanza. Yule kijana wa miwani.

Mimi: Yupi?

Mama Matunda: Anayetoka kule ng'ambo, mpole, anayenunua ndizi zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi, zile ninazotaka kutupa. Anachagua zilizooza kabisa. Nilimuuliza, "Mwanangu, hizi unapika nini?" Akacheka, akasema, "Mama, nina watoto wengi." Nikamwonea huruma, nikawa namwongezea.

Redio: Basi umekuwa ukiwalisha!

Mama Matunda: Kwani nilijua?

Wakili: Kutojua si utetezi. Hilo nalo lilipita langoni.

Mama Matunda: Nami bwana afya ananifukuza kwa ajili ya inzi hawahawa! Kumbe wengine wananunuliwa chakula, wanalala kwenye vioo, wana daktari wao. Hapana, haki iko wapi?

Alikuwa na hasira ya kweli. Nadhani angefoka mpaka jioni kama Wakili asingepiga kelele wakati ule. Sote tukaruka.

Wakili: Ameingia! Ameingia kwenye kahawa yangu!

Ni kweli. Kwenye kikombe chake, ambacho alikuwa bado hajakifikisha nusu kwa sababu ya kuongea, inzi mdogo mwekundu wa macho alikuwa anazunguka juu ya kahawa, bawa moja limelowa. Siku nyingine yoyote Wakili angemchota kwa kidole, akampangusa kwenye suruali, akaendelea kunywa. Tumekunywa na inzi benchi hili tangu lilipokuwa bado lina kitasa. Kidole kilikuwa tayari kimeinuka.

Redio: Usimguse!

Wakili: Kahawa yangu hii!

Redio: Unamjua ni nani? Umemuuliza anatoka wapi? Huenda ni wa kule.

Mimi: Redio, tumia akili. Wa kule hawajatengenezwa. Birika hata hajaenda kukubali.

Redio: Wa shemeji hawajatengenezwa. Wa wagonjwa wengine je?

Tulitazama madirisha ya hospitali, yale ya ghorofani yenye mapazia ya kijani, na nadhani wote tulikuwa tunawaza jambo moja, kwamba nyuma ya kila pazia kuna mtu amelala, na mahali fulani kuna inzi wake.

Wakili: Nikimtoa?

Redio: Ukimtoa akafa, umeua dawa ya mtu.

Wakili: Nikimwacha?

Redio: Akifia humo, umemuua kwa kukaa kimya.

Wakili: Kosa hilo lipo. Watu walifungwa, nikiwaona.

Mama Matunda: Basi mnywe naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakili: Nimnywe? Aje kunizalia tumboni?

Akakiweka kikombe katikati ya benchi, polepole, mikono miwili, akajisogeza mbali nacho. Tukakizunguka. Mimi niliacha sindano. Inzi alizunguka, akasimama, akazunguka.

Birika: Wakili, nipe kikombe changu. Nakwenda.

Wakili: Kichukue, hicho hapo. Mimi sikigusi.

Birika akanyoosha mkono. Mkono ukafika juu ya kikombe ukasimama, vidole vimefunguka, halafu akaurudisha, akauweka juu ya goti lake la suruali nzuri.

Birika: Kama ni wa mgonjwa wa mtu...

Alibaki ameketi kando ya kikombe, na sauti ikabadilika.

Birika: Mimi robo tatu siitaki. Mirathi siitaki. Nataka mtu mmoja aniambie jambo moja. Nikiingia mle ndani nikasema ndiyo, Mama Pacha atapona, au nitakuwa nimemtoa mke wangu akachezewe na wadudu? Na nikisema hapana, nitakuwa nimemuua? Nitamwambia nini usiku akiniuliza? Ninyi mnacheka, sawa, chekeni, ila mimi naogopa. Toka jana naogopa.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri, na kitu pekee kilichokuja kichwani ni mguu wa mti, nikauacha.

Redio: Usikubali.

Mama Matunda: Asikubali vipi? Na asipokubali je?

Redio: Basi asikatae.

Wakili: Ndiyo! Asikubali wala asikatae. Aombe muda. Mahakamani mtu akizidiwa anaomba muda, kesi inaahirishwa, maisha yanaendelea. Mwenda pole hajikwai.

Mama Matunda: Hapo umesema.

Mimi: Hapo kweli umesema.

Sijui niliona nini cha kweli pale. Lakini ilikuwa mara ya kwanza benchi letu kukubaliana juu ya jambo lolote, hata mechi hatujawahi kukubaliana, na tulijisikia vizuri kweli. Redio akainua kikombe kumpongeza Wakili. Birika naye akatikisa kichwa, akarudia polepole, muda, niombe muda, akawa anajifunza kulisema.

Tulikuwa hivyo mwanamke mmoja alipovuka barabara kutoka upande wa hospitali. Alikuwa mwembamba, mtandio umeteleza mabegani, na kwenye kiwiko alikuwa na pamba iliyobanwa kwa plasta. Alitembea taratibu, akichagua pa kukanyaga. Nikadhani ni mteja. Akaja moja kwa moja akakaa kwenye upande wa tundu la ufunguo, na najua lilimbana, lakini hakushtuka.

Redio: Karibu, mama. Viatu au kahawa?

Mwanamke: Nimemfuata mume wangu.

Birika alisimama, akakaa tena.

Birika: Mama Pacha.

Ndipo nikajua ni yeye. Miaka yote hiyo ya kunywa kahawa aliyoikaanga na kuitwanga kwa mikono yake, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwona pale. Tukamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo shemeji," hata Wakili ambaye ni mkubwa kwake, kwa jinsi tulivyochanganyikiwa. Akaitikia moja kwa wote.

Birika: Ndiyo nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja sasa hivi. Tumeshauriana hapa, tumeona tuombe muda.

Mke wa Birika: Nimeshakubali.

Wakili: Shemeji! Bila kuomba muda?

Mke wa Birika: Muda wa nani?

Wakili hakuwa na sheria ya hapo.

Mke wa Birika: Daktari alisema, mama, tumngoje baba. Tukamngoja. Walio nyuma yangu wakaingia, wakatoka. Mwisho nikamwambia, daktari, wewe sema tu. Nina masikio mawili, moja litakuwa la kwake.

Redio: Lakini shemeji, samahani, hao inzi... watakutia mwilini?

Mke wa Birika: Hawanitii mdudu. Kile kipande cha uvimbe wanakisoma, waone umeharibika wapi. Halafu wanawaharibu inzi palepale, wangali mayai, waje kuvimba kama mimi. Dawa zinatiwa kwenye chakula chao. Hawa wanapewa hii, wale wanapewa ile. Watakaopata nafuu ndio wataonyesha nijaribu ipi. Nikamwambia daktari, kumbe wananionjea. Kama mimi ninavyoonja mboga kabla sijawapa watu. Akasema ndiyo mama, wanakuonjea.

Nikautazama mguu wangu wa mti. Nilikuwa karibu kweli, lakini sikusema, haikuwa saa ya kudai sifa.

Birika: Na amesema utapona?

Mke wa Birika: Amesema hajui.

Birika: Hajui vipi? Yeye si daktari?

Mke wa Birika: Hajui, Baba Pacha. Amesema wadudu hawa wana haraka, wanazaliwa na kukua upesi, ndiyo maana wanawatumia. Lakini ugonjwa wangu nao una haraka. Huenda jibu likachelewa. Huenda dawa ikawafaa inzi isinifae mimi. Akasema, pengine itamfaa mwingine atakayekuja baada yako. Nikasema sawa, si ndiyo foleni.

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kusema chumvi imekwisha. Kisha akakiona kikombe.

Mke wa Birika: Hiki cha nani? Mbona mmekizunguka?

Tukamtazama Wakili. Wakili akatazama barabara.

Mke wa Birika: Kina mwenyewe?

Akakivuta. Redio alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu. Mama Matunda alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili. Shemeji akaingiza ukucha wa kidole kidogo chini ya inzi, akamwinua, akampuliza kidogo, akamweka juu ya ubao, penye jua. Halafu akanywa ile kahawa. Ilikuwa baridi na aliinywa yote, na akakishikilia kikombe mapajani.

Inzi alikaa. Akanyoosha mguu mmoja. Hatukuwa tunapumua, watu wazima wote wale.

Mke wa Birika: Aliponiambia hajui, niliogopa. Sikuogopa kisu, sikuogopa zile dawa za kutapisha, lakini hapo niliogopa. Nikanyoosha mkono kwenye kiti cha pembeni yangu. Kitupu. Muuguzi alikuwa ameniwekea kiti chako tangu asubuhi, akimfukuza kila anayetaka kukikalia.

Akamgeukia.

Mke wa Birika: Ni hapo tu, ng'ambo ya barabara. Mbona hukuja?

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa rahisi, sisi ukali tunaujua, tungemwambia shemeji tulia. Lakini aliuliza akitaka kujua. Na sisi tuliokuwa tumejibu mambo ya jeni, ya mirathi, ya pamba na ya vichupa, tulitafuta jibu la swali hilo hatukuliona. Redio aligeuza simu aliyokuwa anaitengeneza, akaitazama mgongoni.

Birika: Vikombe...

Akaitazama ndoo. Tukajikuta sote tunatazama mikono yetu. Redio alikuwa na chake, kimebaki funda mbili. Mama Matunda alikuwa amekiegesha chake kati ya mapapai. Changu kilikuwa juu ya meza, kando ya gundi, kimejaa mpaka ukingoni. Nilikuwa sijakigusa tangu asubuhi.

Birika akasimama. Akauchukua mfuko wa mke wake, akautia begani. Akashika mkono wake, ule usio na pamba, akamwinua. Kikombe kikabaki kwenye benchi. Wakaanza kuvuka barabara, yeye akisimamisha baiskeli kwa kiganja, na hawakuelekea nyumbani, walielekea lango la hospitali. Jiko lilikuwa linawaka. Ndoo ilikuwa na maji matupu.

Wakili: Birika! Vikombe vyako!

Hakugeuka.

Nilipotazama ubaoni inzi alikuwa ameshakwenda, na hakuna aliyeona ameruka kuelekea wapi. Mama Matunda akafunua ndizi zake. Tulikaa na vikombe mkononi, hatujui pa kuviweka, ingawa ndoo ilikuwa palepale.

Redio: Kumbe huwa anaweza kuondoka.

Kahawa ilikuwa imepoa zamani.